Kijana anayejivuta nywele: je, Courbet alikuwa amekata tamaa kweli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa pili. Kuna picha naikuta kila mahali mtandaoni: kijana macho yamemtoka, mikono iko kichwani, anajivuta nywele. Nimeambiwa ni mchoraji Mfaransa, Gustave Courbet, na kwamba alijichora mwenyewe. Nilipoanza kutafuta nikaona wachoraji wengi wa enzi ya Uromantiki, yaani mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, walifanya hivyo hivyo. Wengine wamejichora wagonjwa, wengine wamevaa kama watu wa kwenye tamthilia, wengine wanakutazama kama hakimu. Walikuwa wanasema kweli au walikuwa wanaigiza? Na kwa nini enzi ile hasa? Nauliza kwa sababu nami najichora, na wenzangu darasani wanasema nauza sura. Mwisho, ukiniambia nichague picha moja tu ya kuitazama kwa makini, nichague ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo kijana, maana ukishamwelewa yeye, wengine hawatakusumbua.

Picha hiyo Courbet aliichora kati ya mwaka 1843 na 1845. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, kijana wa Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, aliyekwenda Paris mwaka 1839 kutafuta jina. Si picha kubwa kama inavyoonekana kwenye simu. Ni kama sentimita 45 kwa 54, unaweza kuibeba kwapani. Turubai ameilaza kwa upana, jambo ambalo wachoraji wa sura hawalifanyi mara nyingi, kwa hiyo viwiko vimebanwa na uso unasukumwa mbele, karibu mno na anayetazama. Mwanga unatoka juu, upande mmoja, unaangukia paji la uso, pua na shati jeupe. Macho yapo nusu kivulini, lakini ndiyo unayoyaona kwanza.

Sasa tazama mikono. Yote miwili iko kichwani, hakuna ulioshika brashi. Anayejichora anahitaji kioo mbele yake na angalau mkono mmoja wa kufanyia kazi. Kwa hiyo kile unachokiona kwenye turubai, Courbet hakuweza kukitazama na kukichora kwa wakati mmoja. Alijivuta nywele mbele ya kioo, akakariri mkunjo wa shati na mshipa wa mkono, akashusha mkono, akashika brashi, akaweka rangi kidogo, kisha akarudi tena kwenye kioo. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Mtu aliyezidiwa na huzuni hana subira ya kupima kivuli cha kifundo cha mkono wake mwenyewe. Picha hii imepangwa tangu mwanzo hadi mwisho, na wala simlaumu, kwa sababu kila picha nzuri imepangwa.

Lakini usikimbilie kusema kwamba basi ni uongo. Courbet alikaa na picha hii muda mrefu sana. Baada ya Komuni ya Paris, serikali ya waasi iliyoushika mji kwa muda mfupi mwaka 1871, alifungwa, kisha akatakiwa kulipa gharama za kuusimamisha upya mnara wa Vendôme uliobomolewa wakati wa machafuko yale, akakimbilia Uswisi. Daktari aliyemuuguza huko La Tour-de-Peilz mwaka 1877, mwaka aliofia, aliiona picha hiyo chumbani mwake. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu aichore. Mtu hahangaiki hivyo na picha ya mzaha wa ujanani. Siku hizi ni mali ya makumbusho ya Qatar, na kama umeiona sana siku za karibuni, sababu mojawapo ni kwamba mwaka 2025 iliazimwa kwa makumbusho ya Orsay mjini Paris ili watu waione.

Mwenyewe alimwandikia rafiki na mteja wake Alfred Bruyas, mwaka 1854, kwamba amejichora mara nyingi maishani, kila hali ya moyo wake ilipobadilika, na kwamba kwa njia hiyo ameandika maisha yake. Mwaka huo huo alimwambia pia kwamba nyuma ya uso wa kicheko ambao watu wanaujua amefunika uchungu na huzuni. Zisome kauli hizo mbili pamoja. Huyu ni mtu anayejua kwamba ana uso wa mbele ya watu na uso mwingine, na kwamba brashi inaweza kuchora wowote kati ya hizo mbili.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwenye picha yake nyingine, ile ya mtu aliyejeruhiwa, ambayo iko Orsay. Pale Courbet amejichora ameegemea mti, macho yamefumba, upanga uko kando yake na damu imelowa kwenye shati upande wa moyo. Anaonekana ameshindwa kwenye pambano na anakata roho. Picha ilipopigwa eksirei, wataalamu walikuta chini ya rangi hiyo mwanamke aliyelaza kichwa begani kwake. Mwanzoni, katika miaka ya 1840, ilikuwa picha ya wapenzi wawili waliopumzika chini ya mti. Mama wa mtoto wake, Virginie Binet, alimwacha na kuondoka na mtoto. Courbet aliirudia turubai ile ile, akamfuta mwanamke, akaweka upanga na damu, akamaliza mwaka 1854. Hakuwahi kuchomwa na upanga. Pambano ni la kubuni, damu ni rangi, ila bega lililobaki tupu ni la kweli kabisa, na ilibidi uje mtambo wa eksirei ndipo tulijue.

Ndiyo maana swali la kweli au maigizo mimi naliona linakunyima kitu, kwa sababu yote mawili yanakaa kwenye turubai moja. Ninapoitazama picha ya kujichora ya enzi ile huuliza jambo jingine kabisa: ilichorwa ili itazamwe na nani? Na mteja, na majaji wa maonyesho, na rafiki mmoja, na mchoraji mwenyewe peke yake chumbani? Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini amevaa vile, kwa nini ameshika kile alichoshika, na hasa kwa nini ameacha kuonyesha kile alichoacha.

Twende kwenye swali lako la pili, kwa nini enzi ile. Kwanza tukubaliane kwamba si wao walioanzisha. Dürer, Mjerumani, alijichora mwaka 1500 ametazama mbele kama Kristo anavyochorwa. Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17, aliacha picha zake mwenyewe takriban 80 ukijumlisha za rangi ya mafuta, za chapa na za kalamu. Kilichobadilika mwishoni mwa karne ya 18 ni mwajiri. Kwa karne nyingi mchoraji alikuwa fundi anayeagizwa. Kanisa liliagiza Bikira Maria, mfalme akaagiza sura yake, tajiri akaagiza mkewe na watoto. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na vita vilivyofuata viliuvunja mpango huo sehemu nyingi za Ulaya. Mwaka 1791 Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris ambayo hapo awali yalikuwa ya wanachama wa akademia peke yao, yalifunguliwa kwa msanii yeyote. Kuta zikajaa picha kuanzia chini hadi karibu na dari. Ukiwa kijana usiye na mfadhili, unamshikaje mtazamaji anayepita mbele ya mamia ya turubai? Ilibidi ajue wewe ni nani, na anunue mtu pamoja na picha.

Wakati huo huo wasomaji wa Ulaya walikuwa wamezoea kuona mtu anajieleza hadharani, kasoro zake zikiwemo. Mwanafalsafa Rousseau alikuwa amefanya hivyo katika kitabu cha maungamo yake kilichochapishwa baada ya kifo chake, kuanzia mwaka 1782. Wazo likakomaa kwamba thamani ya kazi inatoka ndani ya aliyeifanya, si kwenye hadhi ya aliyeiagiza. Caspar David Friedrich, Mjerumani, alilisema hilo waziwazi kuliko wengine: mchoraji asichore tu anachokiona mbele yake, bali pia anachokiona ndani yake, na kama haoni kitu ndani yake, basi aache kuchora hata kile kilicho mbele yake. Mtu mwenye imani hiyo lazima siku moja ageuke kujitazama.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa, na hapa wenzako darasani waisikie. Mtu anayekaa ili achorwe hulipwa, wewe mwenyewe hujilipi. Mchoraji kijana asiye na fedha, mwenye njaa ya kujifunza jinsi mwanga unavyoviringika kwenye shavu, ana mtu mmoja tu ambaye yupo saa zote, hachoki kabla yake na halalamiki akichorwa vibaya. Courbet alijichora mno katika miaka ya 1840 alipokuwa hana wateja wa kutosha. Picha ya kwanza iliyompitisha kwenye Salon, mwaka 1844, ilikuwa yake mwenyewe ameketi na mbwa mweusi. Anayekuambia unauza sura hajui kwamba hii ni shule ya zamani kuliko chuo chochote cha sanaa.

Niseme kidogo kuhusu kioo, kwa sababu ndicho chombo cha kazi. Vioo vya wakati ule vilipakwa bati na zebaki kwa nyuma. Njia ya kupaka fedha aliigundua mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Kioo kikubwa kilikuwa ghali, ndiyo sababu mojawapo ya picha nyingi kuishia kifuani. Kioo pia hugeuza upande, kwa hiyo mchoraji wa mkono wa kulia mara nyingine huonekana ameshika brashi kwa kushoto, isipokuwa akiamua kurekebisha. Na kwa kuwa turubai iko upande mmoja na kioo kiko upande mwingine, kichwa hugeuka kidogo na macho hurudi pembeni kukutafuta. Ule mtazamo mkali unaosema ni kama wa hakimu, mara nyingi ni wa mtu anayepima umbali kati ya jicho na pua. Friedrich na wenzake waliuona ukali huo kwenye kioo, wakaupenda, wakauacha ukae kama tabia ya nafsi.

Mfuate Friedrich kwa muda, maana kwake unaiona safari nzima kwa kalamu na chaki tu. Alizaliwa Greifswald, kando ya bahari ya Baltiki, mwaka 1774. Alipokuwa na miaka 13 mdogo wake Christoffer alizama majini, inasemekana akijaribu kumwokoa yeye. Katika mchoro wa mwaka 1800 ni kijana wa kawaida, amegeuka kidogo, anajaribu kujiona. Mwaka 1802 amejichora amevaa kofia yenye kipande kinachofunika jicho moja, na kichupa cha wino kimening'inia kwenye kifungo cha koti. Hicho ndicho kifaa cha mtu anayechora nje: jicho moja linafunikwa ili lingine lipime vizuri, na wino hautakiwi kumwagika njiani. Hapo anamwambia mtazamaji kwamba yeye ni mtu wa kazi. Kisha njoo mwaka 1810, mchoro wa chaki nyeusi ulioko Berlin. Kofia hakuna, kichupa hakuna, brashi hakuna. Kuna uso mkubwa wenye ndevu nene za mashavuni, vazi zito kama joho la mtawa, nusu ya uso gizani, na macho mawili yasiyofanana, moja linakutazama na jingine linakupita. Mwaka huo ndipo picha yake ya mtawa aliyesimama peke yake ufukweni ilipoonyeshwa Berlin na kununuliwa na mfalme wa Prussia, na yeye akachaguliwa kuwa mwanachama wa akademia ya Berlin. Vazi lile la mtawa, kwa hiyo, halikuja kwa bahati. Friedrich alikuwa anawaambia watu wa Berlin, na pengine akijiambia mwenyewe, kwamba mchoraji ni mtu aliyejitenga ili asali kwa macho.

Je, aliishi hivyo kweli? Hapa tuna bahati, maana rafiki yake Georg Friedrich Kersting, waliyetembea naye milimani mwaka huo huo wa 1810, alimchora ndani ya chumba chake cha kazi zaidi ya mara moja. Katika ile ya 1811 iliyoko Hamburg, chumba ni kitupu. Ukutani kuna vibao vya rangi na rula, sehemu ya chini ya dirisha imezibwa ili mwanga uingie kutoka juu tu, na Friedrich ameinamia turubai. Hakuna zulia wala sanamu. Kumbe ule upweke haukuwa wa mbele ya kioo peke yake.

Utaulizwa pia kuhusu yule mtu aliyesimama juu ya mwamba akiitazama bahari ya ukungu, ametupa mgongo, picha ya mwaka 1818 hivi. Wengi husema ni Friedrich mwenyewe. Hakuna uthibitisho wa hilo, na sioni kwamba tunauhitaji. Mgongo ule unampa kila mtazamaji nafasi ya kusimama pale, na kwa mchoraji aliyeamini kwamba cha muhimu ni kinachoonekana ndani, kuuficha uso kulikuwa hatua inayofuata baada ya mchoro wa 1810.

Vijana wa Kijerumani waliomfuata walikwenda mbali zaidi upande wa ukweli wa mwili. Victor Emil Janssen, mwaka 1828 hivi, alijichora amesimama mbele ya kazi yake kifua wazi, mabega yamepinda, mbavu zinahesabika. Hana ushujaa wowote pale. Ni mwili dhaifu wa kijana unaofanya kazi, na ninapoiona bado hunishangaza kwamba ina takriban miaka 200. Mwingereza Samuel Palmer, akiwa na miaka kama 19 au 20, alijichora kwa chaki nywele hazijachanwa, kola haijakaa sawa, bila chombo chochote cha kazi. Hizi zilikuwa picha za rafiki na za chumbani, ndiyo maana zimeachwa bila kupambwa.

Upande wa mavazi ya tamthilia, mfano wako mzuri ni Eugène Delacroix. Mwaka 1821 hivi, akiwa na miaka 23, alijichora amevaa nguo nyeusi za kale, peke yake ndani ya chumba chenye giza. Wengine humwita Hamlet wa Shakespeare, wengine Ravenswood, shujaa mwenye bahati mbaya wa riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwaka 1819. Kwa vyovyote ni kijana aliyefiwa na wazazi wote wawili, familia yake imefilisika, na ameazima vazi la mrithi aliyenyang'anywa urithi. Unaona jinsi igizo linavyobeba habari za kweli? Miaka 16 baadaye, mwaka 1837 hivi, anajulikana Paris nzima, amerudi kutoka Morocco, na anajichora upya: fulana ya kijani, skafu nyeusi shingoni, kidevu juu, nyuma hakuna kitu. Hana brashi mkononi kwa sababu hahitaji tena kumthibitishia mtu kazi yake. Picha hiyo ilikwenda kwa Jenny Le Guillou, aliyemtunza nyumbani kwa miaka mingi, na mwaka 1872 ikaingia makumbusho ya Louvre, Paris. Niliposema uulize picha ni ya nani kuitazama, hii ndiyo maana. Akademia haikupewa, alipewa mwanamke aliyemjua asubuhi kabla hajanyoa ndevu.

Turner wa Uingereza alifanya kinyume chao wote. Mwaka 1799 hivi, akiwa na miaka 24 na amechaguliwa kuwa mwanachama mshiriki wa akademia ya kifalme, mtoto huyu wa kinyozi alijichora ametazama mbele moja kwa moja, nadhifu, shingo imefungwa vizuri. Kisha akaacha karibu kabisa, ingawa aliishi hadi mwaka 1851. Alizichora dhoruba. Uso wa kijana yule ndio ulio kwenye noti ya pauni 20 tangu mwaka 2020.

Wewe ni msichana au mvulana sijui, lakini hili nisingependa ulikose: nywele zilizovurugika na macho ya kichaa yalikuwa anasa ya wanaume. Mwanamke angejichora hivyo, watu wangesema ameharibikiwa akili, wasingesema ana kipaji. Wanawake walipaswa kwanza kuthibitisha kwamba wao ni wachoraji. Marie Ellenrieder wa Konstanz alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika akademia ya Munich, mwaka 1813, na picha yake ya 1818 ni tulivu, wazi, haina chumvi hata punje. Hortense Haudebourt-Lescot, aliyeishi Rome miaka kadhaa, alijichora mwaka 1825 hivi amevaa kofia nyeusi ya mviringo na mkufu wa dhahabu, vazi la wachoraji wakubwa wa zamani kama Rembrandt. Hakuazima huzuni, aliazima cheo, kwa sababu cheo ndicho alichonyimwa. Kwangu mimi hiyo ni picha ya ujasiri kuliko kumi za vijana wanaojivuta nywele.

Mwisho wa enzi hiyo ulikuja na kamera, na hata kamera ilianza kwa mtindo huo huo. Hippolyte Bayard, Mfaransa mmojawapo wa waliovumbua upigaji picha, aliona serikali inamtukuza na kumlipa mvumbuzi mwenzake, Daguerre, peke yake. Mwaka 1840 akajipiga picha kifua wazi, macho yamefumba, ameegemea kando kama maiti, na nyuma ya picha akaandika kwamba huu ni mwili wa Bayard, aliyejitosa majini baada ya serikali kumpa Daguerre kila kitu na kumwambia yeye Bayard kwamba haina la kumfanyia. Alifariki mwaka 1887, yaani miaka 47 baadaye. Maiti ile ilikuwa ya kuigiza, lakini dhuluma aliyokuwa analalamikia ilikuwa imetokea.

Sasa picha moja ya kuitazama. Chagua ya Mhispania Francisco Goya ya mwaka 1820, akiwa na daktari wake Arrieta. Iko Minneapolis, Marekani, na makumbusho yenyewe imeiweka mtandaoni unaweza kuikuza.

Kabla yake, pitia kwanza alivyojichora nyuma. Katika miaka ya 1790 yupo mbele ya dirisha angavu, amevaa kofia iliyozungushiwa vishikio vya mishumaa ili achore hata usiku. Mwaka 1799, kwenye ukurasa wa kwanza wa mfululizo wake wa picha za chapa uitwao Caprichos, ametugeuzia upande mmoja wa uso, kofia ndefu, mdomo umeshuka, jicho moja linatukagua. Hapo kati, ugonjwa wa mwaka 1792 na 1793 ulikuwa umemwacha kiziwi, na Goya huyu wa kofia ndefu ametengenezwa kwa ajili ya wanunuzi: ndiye mtu atakayewaonyesha upumbavu wa jamii yao. Mwaka 1815 ameondoa kofia. Shingo iko wazi, kichwa kimeinama kidogo upande, umri wote umekaa usoni.

Mwishoni mwa mwaka 1819, akiwa na miaka 73, aliugua nusura afe. Arrieta akamponya. Alipopata nguvu, Goya akachora kile ambacho hakuna kioo kingeweza kumwonyesha: yeye mwenyewe akiwa hajitambui. Ameketi kitandani, kichwa kimeanguka nyuma, midomo imelegea, macho karibu yamefumba. Daktari ameketi nyuma yake, mkono mmoja umemzunguka begani kumshikilia, mwingine umeleta glasi ya dawa karibu na mdomo. Gizani nyuma yao kuna nyuso zisizoeleweka. Chini kabisa, kama kwenye vibao vya shukrani ambavyo Wakatoliki wa Hispania waliwatundikia watakatifu kanisani, ameandika kwamba Goya anamshukuru rafiki yake Arrieta kwa umahiri na uangalifu aliouokoa nao uhai wake katika ugonjwa mkali na wa hatari wa mwishoni mwa 1819, na kwamba ameichora mwaka 1820.

Hii nayo imepangwa. Mgonjwa yule hakuweza kujiona, kwa hiyo kila kitu ni kumbukumbu, kubuni, na labda masimulizi ya aliyekuwa pale. Lakini alipopaswa kusema yeye ni nani, mchoraji mkuu wa wafalme wa Hispania alijiweka mikononi mwa mtu mwingine, na nafasi ya mtakatifu akampa daktari. Na jina la aliyekusudiwa kuitazama limeandikwa pale pale kwenye picha.

Ukiifungua, anza na mikono ya Goya, usianze na uso. Imekunja shuka na kulikamata. Mwili wote umeachia, kichwa kimeachia, midomo imeachia, na vidole bado vinashika. Angalia ni rangi gani ametumia kwenye vifundo vya vidole, ulinganishe na mkono wa daktari ulioshika glasi, halafu chukua kalamu uvichore vyote viwili.